Ncha ya Unga

Namyomyo, Masasi
4 Juni 1996

Mama Naima, mdogo wangu,

Kaa chini kwanza, na kama una ndoo kichwani itue. Kaka yako sasa ndiye mkubwa wa machimbo haya yote. Geti likiniona linafunguka, Mzungu akiniona anasimama, vijana wa mashimoni wakiniona wanaficha bangi. Kama huamini muulize kondakta aliyekuletea barua.

Usimuulize. Atakwambia geti hufunguliwa na mlinzi, na mlinzi huyo jana kaniuliza mimi ni nani na nimefuata nini, mimi niliyechunga mbuzi hapo kabla mama yake hajachezwa unyago. Vijana nao wanaficha bangi kwa sababu hawataki kunigawia. Lakini la Mzungu ni kweli, alisimama. Anaitwa Bwana Cecil. Ana miguu mirefu kama korongo, nadhani kukaa kunamuumiza.

Ukubwa wangu ni huu: nimepewa koti la kaki lenye vifungo vinavyong'aa, na kiti cha plastiki pale ndani ya geti, na jina. Naitwa Mzee wa Mila. Nikikaa pale nafanana na wale maakida wa Mjerumani aliokuwa akitusimulia babu, ila akida alikuwa na kiboko na mimi nina kikohozi.

Wewe uliondoka Namyomyo ikiwa nyumba chache na kilima. Ungeiona sasa. Tangu yale mawe ya kijani yaonekane kijitoni, watu wamemwagika hapa na makabila yao yote, mahema ya turubai, vinyozi, mabanda ya video, wauza mitumba. Kila mtu alichimba alipopenda, ndiyo ruksa yenyewe. Halafu mwaka jana ikaja Kampuni na karatasi zake kutoka Dar. Waliomba mahali pa kusimamisha hema tu. Hema likataka uzio, uzio ukataka geti, geti likataka walinzi, na walinzi sasa wanataka kujua mimi ni nani.

Basi nije kwenye neno lenyewe, maana nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mawe yanaelekea chini ya kilima. Juu ya kilima ndiko walikolala bibi, na mama, na Naima wako. Kampuni inataka kuwahamisha. Wazee wamekaa, wakasema sisi hatuna kauli, waulizwe wenyewe waliolala. Na wa kumwaga unga wa kuwauliza ni mimi, maana mimi ndiye mjomba mkubwa wa tumbo letu, hakuna mwingine aliyebaki na meno. Nitamwaga Alhamisi ya wiki ijayo. Lakini Naima ni mwanao, ulimzaa wewe si mimi, kwa hiyo sema neno lako kwanza.

Najua utaanza na hapana. Anza nayo, kisha endelea.

Kaka yako,
Mudathiri
(darasa la tatu, la nne nililiona dirishani)


Newala
9 Juni 1996

Shikamoo kaka,

Barua imefika inanuka samaki, nimeisoma hivyo hivyo. Huku ni ukungu na salfa. Asubuhi humuoni jirani, na ukungu ukiondoka tunapuliza mikorosho, jioni tuna vumbi la njano mpaka kwenye kope. Mwaka huu wanunuzi binafsi ni wengi, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani na tabia yake. Tunaishi.

Koti lako limenichekesha mpaka jirani akaja kuchungulia. Kaka, ulishindwa ujumbe wa nyumba kumi, leo umekuwa akida?

Kuhusu Naima. Hapana. Umeniambia nianze nayo, nimeanza.

Unajua alivyofika pale. Nyoka alimgonga huku kwangu, chini ya mkorosho, akiwa ameinama anaokota. Wakasema azikwe hapa hapa, mimi nikakataa, nikambeba kwa gari la mizigo mpaka Namyomyo ili alale karibu na bibi yake, asiogope. Msichana mkubwa yule, lakini giza alikuwa analiogopa. Sasa leo nimwamshe, kwa ajili ya vijiwe vya kuning'inia kwenye masikio ya watu? Shehe wa huku kasema aliyelala aachwe.

Lakini mimi na wewe tumelelewa na mama mmoja, na mama alimwaga unga kabla ya kila jambo. Kwa hiyo nasema hivi. Unga ukisimama mpaka asubuhi, nitakubali bila kelele, nitakuja kumkunja mwenyewe kwa sanda mpya. Ukianguka, nitakuja kukaa juu ya kaburi na hiyo mashine yao initafute hapo.

Mwaga kama mama alivyomwaga. Unga wa mtama, jioni, kwenye shina la msolo, ukisimamisha kama kichuguu kidogo. Funika na chungu. Ondoka. Usirudi mpaka asubuhi na watu wote. Kaka, nasema usirudi peke yako, maana nakujua, hata mkate ulikuwa unaufunua kabla haujaiva.

Niandikie umeamkaje. Usifupishe, mimi sitakuwepo.

Mdogo wako,
Sikudhani


Namyomyo
16 Juni 1996

Mama Naima,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba.

Umesimama! Mdogo wangu, umesimama kama askari wa paredi. Tulipanda asubuhi, umati mzima nyuma yangu, wazee mbele, wachimbaji nyuma, Bwana Cecil katikati na kofia yake mkononi. Nikapiga goti kama mama. Nikainua chungu taratibu. Unga upo! Umejaa, umesimama wima, na ncha yake kali kama sindano ya cherehani, ungeweza kushonea. Watu wakasema aaah! Vijana wakarukaruka, maana wameahidiwa kazi, wanaacha kulala kwenye turubai. Bwana Cecil kapiga picha ya unga, kapiga na ya kwangu, akamwambia mkalimani wake Filemoni aniambie kwamba wazee wetu ni watu wa maendeleo. Nikamwambia Filemoni amjibu kwamba wazee wetu walikuwa hawajui hata kuamka mapema, maendeleo wameyapatia huko huko. Filemoni hakutafsiri. Kijana yule amesoma sana, mzaha haumpiti kooni.

Wazee wakatia dole gumba kwenye karatasi. Kampuni ikachinja mbuzi. Bibi Esha peke yake hakupiga kigelegele, lakini yeye siku hizi anaumwa jino.

Wamesema makaburi yatahamishwa mwezi wa nane, kwa heshima, kila mtu na sanduku lake. Naima nimewaambia asiguswe mpaka mama yake afike. Wamekubali. Nani angekataa neno la Mzee wa Mila?

Hali yangu nzuri. Ila ugali haunishuki siku hizi, sijui kwa nini. Nakula muhogo.

Kaka yako,
Mudathiri


Newala
24 Juni 1996

Shikamoo kaka,

Nimepokea. Nimekwisha tafuta sanda.

Kuna neno moja linanikaa. Mama alikuwa akituamsha alfajiri twende naye kwenye msolo, unakumbuka? Wewe ulikuwa unalia baridi. Alituonyesha kwa kidole, bila kugusa. Unga uliolala usiku kucha chini ya chungu hunywa umande. Umesimama, ndiyo, lakini ncha yake imelegea, imekuwa butu, kama kichwa cha uyoga. Alikuwa akisema hivyo ndivyo mtu anavyoinamisha kichwa akikubali. Ncha kali ni ya unga uliomwagwa sasa hivi.

Wewe umeniandikia sindano ya cherehani.

Labda umepamba tu. Wewe hupenda kupamba, hata kifo cha baba ulikisimulia watu wakacheka. Niandikie kwamba umepamba, kwamba ncha ilikuwa butu kama zote. Nitakuamini, nitalala.

Mdogo wako,
Sikudhani


Namyomyo
20 Julai 1996

Mama Naima,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, karatasi zilikuwa adimu.

Karatasi zipo. Duka la Kampuni limejaa karatasi, na sabuni, na betri. Sema wachimbaji hawalipwi fedha tena, wanalipwa vibati vyenye muhuri, na kibati hakinunui kitu popote isipokuwa duka hilo hilo. Kijana akitaka kwenda Masasi kumuona mama yake, kondakta anakitazama kibati anacheka.

Mambo yamebadilika haraka. Asubuhi inapigwa filimbi. Kila mtu ana kadi yenye picha. Uzio ulikuwa umezunguka mashimo, sasa umezunguka na kisima, umekwenda mpaka kwenye shamba la Nikolao, na Nikolao kashikwa akiokota kuni kwenye shamba lake mwenyewe, kalazwa kwenye konteina siku mbili na walinzi, si polisi. Juu ya geti wametundika bendera. Si ya Tanzania. Ni ya Kampuni, ina jiwe la kijani katikati. Mimi na darasa langu la tatu nilidhani bendera ni ya nchi.

Kiti changu kimetolewa. Kwanza kilikuwa ndani ya geti. Kisha nje ya geti kivulini. Sasa kiko juani, upande wa vyoo. Koti nimeachiwa.

Unaona ninavyozunguka.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimepamba. Ulinifungulia mlango kabisa, nilichotakiwa ni kuingia. Nimeandika, nikachana. Nikaandika tena kwa mwandiko mzuri zaidi, nikachana. Mtu aliyesema sanda ameshatafuta, unamwandikiaje hivyo?

Nilirudi peke yangu. Jogoo walikuwa hawajawika. Ulinikataza, na ndiyo maana nilirudi, mimi ni wa kukatazwa tangu lini. Nikafunua chungu. Unga ulikuwa chini. Haukuanguka kidogo, Mama Naima, ulikuwa umelala wote upande mmoja, upande wa makaburi, kama mtu aliyegeuka akakupa mgongo.

Nikakaa pale nikautazama. Nikajiambia ni mchwa. Nikajiambia wazee wetu walizoea kukataa, walikataa barabara, walikataa shule, ndiyo maana mimi nimeishia la tatu. Nikawaza vijana waliokuwa wakisubiri kazi. Yote hayo niliwaza, na yote yana maana yake, lakini nilichokuwa nimekishika kwa mkono wa kushoto wakati nawaza ni kifungo cha koti. Nilikuwa nakizungusha. Nilijua unga ukionekana vile, jioni koti litarudi dukani.

Nikaukusanya kwa vidole. Nikausimamisha. Nikairekebisha ncha vizuri sana, nikajisifu, nikalamba vidole.

Ningependa kukwambia Mzungu alinishika mkono akanilazimisha. Mzungu alikuwa amelala.

Naima hajaguswa. Wananiuliza kila siku mama yake anakuja lini, nawaambia bado anapuliza mikorosho.

Mudathiri


Newala
28 Julai 1996

Mudathiri,

Umeniambia mimi. Mimi si Namyomyo. Watu walitia dole gumba juu ya vidole vyako, na wamepoteza kisima, na Nikolao amelala kwenye bati kama gunia, na wewe unanong'ona na mimi kwenye karatasi.

Kavue hilo koti mbele ya watu ulikolivalia, useme ulichofanya. Usiseme kwa utani. Ukisema kwa utani utakuwa hujasema.

Mpaka uwe umesema, usiniandikie. Na siku ya kumtoa mwanangu, wa kushuka kaburini kumpokea si wewe. Atashuka Dastani, ndugu wa marehemu baba yake. Nimekwisha mwambia. Kaniuliza, mbona mjomba wake yupo? 

Sikudhani


Namyomyo
17 Agosti 1996

Mama Naima,

Nimesema. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa mkutano wa Kampuni, pale uwanjani, wa kutangaza siku ya mashine. Nikaomba neno. Bwana Cecil akafurahi, akadhani nitawabariki. Nikasimama mbele, nikavua koti, nikaliweka chini, nikasema: "Unga ulianguka. Niliusimamisha mimi kwa mikono hii kabla hamjaja. Waliolala hawakukubali. Nimewadanganya."

Wakacheka.

Mdogo wangu, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mzee huyu, mwacheni!" Mwingine akasema, "Haya, na chungu je, ulikula?" Nikasema tena, sauti ikawa inatetemeka, wakaona naigiza vizuri zaidi. Nimekaa miaka yote nikiwachekesha, kwenye misiba, kwenye unyago, kwenye foleni ya sukari. Sasa siku nilipohitaji uso wa kuaminika, sikuwa nao. Hata machozi yalipotoka, kijana mmoja alimwambia mwenziwe, "Tazama, na machozi anayo!"

Nikasimama tu. Sikujua pa kuweka mikono.

Aliyewanyamazisha ni Bibi Esha. Aliinuka na mkongojo wake akasema, "Hachezi. Mimi nilijua asubuhi ile ile. Niliiona ncha."

 Nikolao akamuuliza, "Bibi, kama ulijua, mbona ulinyamaza?"

Akasema, "Mjukuu wangu alikuwa ameandikwa kazi getini." Akakaa.

Nikolao hakuniambia kitu mimi. Alinipita akaenda zake, akalikanyaga koti, sidhani kama alikusudia.

Wazee wakasema basi unga umwagwe upya, na mtu mwingine, mbele ya watu, na wakeshe nao. Filemoni akatafsiri, safari hii neno kwa neno. Bwana Cecil hakukasirika. Aliuliza tu kama madole gumba ni yetu. Tukasema ni yetu. Akasema basi. Na msolo uko ndani ya uzio, na kuingia ndani ya uzio ni kwa kadi, na kadi za unga hazijachapishwa.

Ndipo Bibi Esha akasema yeye atalala mbele ya mashine. Bibi mwingine akasema na yeye. Wakawa wengi, wote vibibi, wengine siwajui hata wana makaburi gani pale. Nikasema na mimi nitalala, wakaniambia nilale pembeni, peke yangu. Bwana Cecil akavuta Filemoni kando, wakazungumza kwa muda. Ile picha ya unga, kumbe ameipeleka kwa wakubwa wake kuonyesha kwamba tumekubali. Sasa hakutaka iandamane na picha ya vikongwe wamelazwa chini ya tairi.

Akatupa neno moja. Mwenye ndugu yake pale aje amchukue mwenyewe, kwa mikono yake, ampeleke anakotaka. Mpaka mwisho wa mwezi huu. Watakaobaki mashine itawahamishia nyuma ya karakana. Kilima hakirudi. Kisima hakirudi. Hilo ndilo tulilopata, na mimi sina hata haki ya kusema tulilopata.

Siku hizi nakaa nyumbani. Watu wananisalimia, si kwamba hawanisalimii. Wananisalimia, kisha wananyamaza mpaka nipite. Juzi niliingia kilabuni nikasimulia kisa cha mbuzi na katekista, kile kilichokuwa kinavunja watu mbavu. Wakasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, mmoja akasema, "Ni kweli hiyo?" Nikarudi zangu.

Jana Bibi Esha kaniambia umemwandikia yeye. Kwamba unakuja na Dastani, na Naima mtakwenda naye Newala, alale nyuma ya nyumba yako. Nilifurahi. Halafu nikawaza gari litakavyopanda zile kona za kuelekea kwenu, kwa gia nzito, na wewe nyuma umemshika. Nikaenda nje.

Sikuombi nishuke. Ashuke Dastani, nimekubali, na umwambie kwamba nimekubali, asije akashuka na wasiwasi. Sitashika jembe. Sitashika hata kamba. Sitakuja karibu, nitasimama ng'ambo ya kijito ambako mtu hata akisema kitu hasikiki, maana sijiamini kwa kusema.

Msamaha sikuombi, huo ni wako, utautoa au utazikwa nao. Lakini mjomba huambiwa siku ya kaburi. Mjomba mlevi huambiwa. Mjomba aliye jela hutumiwa mtu akamwambie langoni. Mimi ndiye niliyemchukua Naima nje siku ya saba, nikamwonyesha jua, nikamwambia hili ndilo, na hakuna anayeweza kuifuta asubuhi ile, hata mimi sijaweza. Kwa hiyo hilo moja nakudai, nalo ni dogo, halijazi hata nusu ya karatasi.

Usiandike salamu. Usiandike jina langu. Andika siku tu.

Mudathiri